Kupima Fahamu za Mgonjwa kwa Kiswahili cha Mrima

Bagamoyo si mahali pageni kwa watu wanaoichunguza lugha ya Kiswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake ni sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, alikuwa mtu wa nchi hiyo. Na Padre Charles Sacleux, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitolewa Paris mwaka 1939, alikaa miaka mingi Unguja na Bagamoyo. Katika kazi za wote wawili mna maneno mengi ya maradhi na uganga. Lakini yako matumizi mengine ya lugha, yafanyikayo kila siku katika pwani hiyo kutoka Kunduchi hadi Saadani, ambayo wachunguzi wa lugha hawakuyaangalia sana: nayo ni maneno yasemwayo kando ya kitanda cha mgonjwa anapopimwa kama fahamu zake zipo, zimepungua, au zimetoweka.

Upimaji huo hufanywa na tabibu au mwuguzi kwa macho, kwa mikono na kwa maneno. Sehemu ya macho na ya mikono ni mamoja kila mahali duniani. Sehemu ya maneno si mamoja. Tabibu huuliza swali, mgonjwa hujibu, na jibu hugeuzwa kuwa tarakimu katika karatasi. Ikiwa swali halikuulizwa sawasawa, au jibu halikusikiwa sawasawa, tarakimu itasema uongo. Mtu mwenye akili timamu ataandikwa kuwa amechanganyikiwa. Na mwingine, ambaye damu inavuja ndani ya kichwa chake, ataandikwa kuwa mzima na kuruhusiwa kwenda kwao. Hapo kosa la lugha huwa ni kosa la uhai.

Neno fahamu na jamaa zake

Neno fahamu limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuelewa. Mtu husema "nimefahamu" akiwa na maana kwamba jambo limemwingia akilini. Kwa hiyo Kiswahili kinaposema "mgonjwa amepoteza fahamu", huyasema kwa neno moja mambo mawili ambayo matabibu huyatenga: la kwanza ni kuwa macho, na la pili ni kujua. Mtu huweza kuwa macho pasipo kujua neno. Macho yake yako wazi, lakini hamtambui mwanawe wala hajui alipo. Tena mtu huweza kuwa katika usingizi, naye akiamshwa kidogo tu hujua kila kitu. Katika ubongo mambo hayo mawili yana sehemu zake. Kuwa macho hutegemea zaidi shina la ubongo na sehemu zilizo karibu nalo. Kujua huhitaji pia tabaka la juu la ubongo lililo pande zote mbili.

Zaidi ya neno fahamu, watu wa Mrima wana akiba kubwa ya maneno ya hali hii. Kuna kuzimia, neno lenye uhusiano ulio dhahiri na kuzima, kama taa au moto unavyozimwa. Kuna kuzirai, litumikalo sana kwa mtu aliyeanguka ghafula kisha akazindukana. Kuna kusinzia, yaani kuchukuliwa na usingizi kidogo kidogo. Na kuna usingizi wa pono, uliopewa jina la samaki ambaye wavuvi humtolea mfano wa mtu asiyeamka upesi. Kuna kuweweseka, ambako ni kusema usingizini au katika homa. Kupayuka, ambako ni kutoa maneno ovyo. Kuduwaa na kupigwa na bumbuazi, ambako mtu hutazama tu asiseme. Na mgonjwa anapokaribia mwisho, hata ulimi ukawa hauwezi tena, husemwa kwamba amekata kauli, ingawa maneno hayo hayo kwa mtu mzima wa afya humaanisha kwamba ameamua jambo.

Neno litumikalo zaidi sasa katika hospitali za Tanzania ni hajitambui. Ni neno zuri kwa muundo wake, kwa kuwa lina kirejeshi -ji- na laonyesha kwamba mtu amepotewa na nafsi yake mwenyewe. Lakini kwa tabibu lina kasoro moja kubwa: hutajwa kwa mtu aliyelewa homa na kusema ovyo, na hutajwa vile vile kwa mtu asiyetikisika hata akifinywa. Jamaa wa mgonjwa wakifika mlangoni na kusema "hajitambui", wamesema kweli, ila hawajasema ni kwa kiasi gani.

Hali kadhalika neno amelala. Katika Kiswahili kulala ni kujinyoosha kitandani, na kulala pia ni kupatwa na usingizi. Mama aulizwaye habari za mtoto wake akajibu "amelala" huenda ana maana kwamba mtoto amepumzika baada ya homa kushuka. Huenda pia ana maana kwamba mtoto yu kimya tangu alfajiri na haamki. Mwuguzi asiyeuliza swali la pili, yaani "Ukimwita anaamka? Ukimpa ziwa ananyonya?", amepokea jibu ambalo lina maana mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi.

Kipimo cha Glasgow

Tatizo hili si la Kiswahili peke yake. Katika lugha za Ulaya pia matabibu walikuwa na majina mengi ya hatua za kupotewa na fahamu, na kila mmoja aliyatumia kwa maana yake. Mgonjwa aliyeitwa na mmoja kuwa yu katika nusu ya koma aliitwa na mwingine kuwa amepumbaa. Mgonjwa alipohamishwa, au zamu ya usiku ilipochukua nafasi ya zamu ya mchana, hakuna aliyeweza kujua kama mgonjwa amebadilika au ni jina tu lililobadilika.

Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, katika nchi ya Uskoti, walitoa kipimo kilichoyaacha majina hayo. Shauri lao lilikuwa kwamba mpimaji asitaje hali ya mgonjwa, bali aandike afanyalo mgonjwa. Mambo ya kutazamwa ni matatu: macho, maneno, na mwendo wa viungo. Kipimo hicho, kama kitumikavyo sasa, huyagawa macho kwa alama 4, maneno kwa alama 5, na mwendo kwa alama 6. Jumla ya juu ni 15, na ya chini ni 3, kwa kuwa hata asiyefanya lolote hupewa alama 1 katika kila sehemu. Mwenye jumla ya 8 au chini yake kwa kawaida huhesabiwa kuwa yu katika koma.

Kwa upande wa macho, afumbuaye mwenyewe hupata 4. Afumbuaye akisikia sauti, 3. Afumbuaye akibonyezwa, 2. Asiyefumbua kabisa, 1. Kwa upande wa maneno, ajuaye yeye ni nani, yuko wapi na ni wakati gani hupata 5. Asemaye maneno yanayofuatana lakini amechanganyikiwa, 4. Atoaye neno moja moja lisilohusu swali, 3. Atoaye sauti tu, 2. Aliye kimya, 1. Kwa upande wa viungo, atendaye aliloamriwa hupata 6, apelekaye mkono mahali anapobonyezwa ili kuondoa maumivu, 5, aukunjaye mkono upesi kuukwepa, 4, ambaye mikono yake hujikunja polepole kwa namna isiyo ya kawaida, 3, ambaye mikono yake hunyooka, 2, asiyetikisika, 1. Mwaka 2014 maelezo ya kipimo yalisahihishwa, na mahali pa kubonyeza pakatajwa wazi: ncha ya kidole, nyama ya juu ya bega, na ukingo wa juu wa tundu la jicho. Sehemu isiyoweza kupimwa, kwa mfano macho yaliyovimba yasiweze kufumbuka, haipewi alama 1. Huandikwa tu kwamba haikupimika.

Mtu azoeaye Kiswahili ataona mara moja kwamba lugha hii haikosi vitenzi vya kazi hiyo. Asiye na usemi ila sauti tu, huguna au hupiga kite; mwenye kutoa neno moja moja ovyo, hupayuka; asiyejibu kabisa yu kimya. Tofauti ya kufumba na kufumbua, ya kukunja na kukunjua, imo katika maumbile ya vitenzi vyenyewe. Maneno ya asili ya pwani, yale yasemayo tendo, ni bora kwa kazi hii kuliko maneno ya jumla kama kupoteza fahamu na kutojitambua. Kinachohitajiwa ni kuyachagua na kuyapa kila moja kiwango chake.

Maswali ya saa, siku na mwezi

Mashaka makubwa zaidi yamo katika alama ya tano ya maneno. Ili aipate, mgonjwa hana budi kujibu sawasawa maswali ya nafsi, mahali na wakati. Swali la wakati laonekana jepesi, kumbe katika Mrima lina mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni saa. Mswahili huhesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza, na za usiku tangu jua kuchwa. Saa inayoonyesha 9 asubuhi ni saa tatu, na inayoonyesha 8 usiku ni saa mbili. Kila msemaji wa Kiswahili ajua hayo, lakini si kila tabibu aliye kando ya kitanda ni msemaji wa Kiswahili, na si kila mkalimani hukumbuka kugeuza hesabu.

Mtego wa pili ni siku. Kwa Waislamu wa pwani, kama kwa Waislamu wengine, siku huanza jua linapokuchwa. Usiku huutangulia mchana wake. Usiku ufuatao mchana wa Alhamisi ni usiku wa Ijumaa, au kama wengine wasemavyo kwa kuondoa shaka, usiku wa kuamkia Ijumaa. Mtu aulizwaye wakati huo "Leo siku gani?" huweza kujibu Ijumaa, naye hakukosea.

Mtego wa tatu ni mwezi. Wazee wengi wa pwani wamezoea kuhesabu miezi kwa mwandamo. Mwezi ufuatao Ramadhani ni mfungo mosi, na hesabu huendelea hadi mfungo tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Maulidi huwa katika mfungo sita. Kwa kuwa mwaka wa mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 10 au 11, mfungo sita huzunguka katika miezi yote ya kalenda ya serikali.

Na itolewe mifano. Mzee mmoja wa Kaole ameanguka kutoka juu ya mnazi, naye amefikishwa hospitali Alhamisi, saa mbili za usiku. Anaulizwa ni wakati gani. Anajibu kwa sauti iliyo wazi: "Ni usiku wa Ijumaa, saa mbili, mfungo sita." Hakuna kosa hata moja katika jibu hilo. Lakini mpimaji mgeni, akiletewa tafsiri ya neno kwa neno, atasikia Ijumaa badala ya Alhamisi, saa 2 badala ya saa 8, na mwezi wa sita badala ya mwezi uliopo. Ataandika alama 4, kwamba mgonjwa amechanganyikiwa. Jumla itakuwa 14 badala ya 15, na kwa mtu aliyeumia kichwa tofauti hiyo huweza kumpeleka safari ya Dar es Salaam kupigwa picha ya kichwa ambayo pengine haikuhitajika. Gharama ya safari na ya picha huwaangukia jamaa zake.

Njia ya kuuepuka mtego si kumsahihisha mzee. Ni kuuliza maswali ambayo mtu yeyote mzima wa mahali pale angeyajibu bila shaka: ni mchana au usiku? Je, alasiri imekwisha adhiniwa? Nani aliyekuleta hapa? Mji huu ni mji gani? Maswali hayo yafaa kwanza kujaribiwa kwa watu wenye afya wa mahali pale pale, wakubwa kwa wadogo, waliosoma na wasiosoma. Swali ambalo mtu mwenye afya hulikosa halifai kuwa mizani ya mgonjwa.

Salamu si kipimo

Kosa lililotajwa humpunguzia mgonjwa alama. Liko kosa la pili, lililo kinyume chake, nalo ni la hatari zaidi, kwa kuwa humwongezea alama asizostahili.

Katika adabu za Waswahili hakuna mazungumzo yanayoanza pasipo salamu, na salamu zina majibu yaliyowekwa. Anayeambiwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo", hata akiwa hawezi. Aambiwaye "Habari?" hujibu "Njema" au "Salama", kisha ndipo husema kwamba ana homa siku ya tatu. Mzee aamkiwaye "Shikamoo" hujibu "Marahaba". Majibu hayo yamekaririwa tangu utotoni, na ulimi huyatoa pasipo kuingojea akili. Ni kama dua na sura fupi za Kurani, ambazo mgonjwa huweza kuzisoma huku hajui yuko wapi. Matabibu wa ubongo wanajua kwamba maneno ya mazoea huweza kubaki hata pale usemi wa kufikiri umekwisha vunjika.

Kwa hiyo mwuguzi apitaye kitandani saa za usiku na kusema "Shikamoo mzee", akajibiwa "Marahaba", na akaandika kwamba mgonjwa anajibu vizuri, hakupima lolote ila masikio na ulimi. Katika majeraha ya kichwa kuna hali inayojulikana sana, ambayo mtu hupoteza fahamu, kisha huzindukana na kusema vizuri kwa muda, huku damu inakusanyika kidogo kidogo baina ya fuvu na utando wa ubongo, hata mwishoni fahamu humtoka tena. Kijana aliyeanguka na pikipiki katika barabara ya kwenda Bagamoyo, akaketi na kuwajibu watu "sijambo", huenda yumo katika muda huo. Salamu haitamfichua. Atafichuliwa na swali linalohitaji kufikiri, na kwa kuulizwa tena na tena. Kushuka kwa alama mbili au zaidi baina ya kipimo kimoja na kinachofuata ni onyo la kutenda haraka.

Haya hayana maana kwamba salamu iachwe. Kuacha salamu ni utovu wa adabu, na mgonjwa mwenye fahamu zake asiyeamkiwa huenda akanyamaza kwa kuudhika, nako kunyamaza kukahesabiwa kuwa ni ugonjwa. Salamu itangulie, kipimo kianze baada yake.

Jina, amri na mkono

Yako mambo mengine matatu madogo ambayo mpimaji hana budi kuyajua. La kwanza ni jina. Mwanamke wa pwani aliyezaa huitwa kwa jina la mwanawe, Mama Asha au Mama Salimu, na pengine kwa miaka 30 hakuna jirani aliyemwita kwa jina lililoandikwa katika cheti chake. Mpimaji alitajaye jina la cheti kwa sauti kubwa, akaona macho hayafumbuliwi, na aliite jina la nyumbani kabla ya kuanza kubonyeza. Jamaa waliomleta ndio walijuao.

La pili ni amri. Amri ya kipimo yapasa kuwa fupi na ya Kiswahili cha mahali: "Fumbua macho. Toa ulimi. Kamata mkono wangu, ubane. Sasa achia." Neno la mwisho ndilo lenye uzito. Kubana kitu kilichowekwa kiganjani huweza kuwa tendo la mwili tu, kama la mtoto mchanga akamataye kidole. Kuachia kwa kuambiwa ni dalili ya kusikia na kuelewa. Tena mkono wa kushoto haupewi mtu katika adabu za pwani, na mgonjwa mzee huenda akasita kuutoa. Yafaa basi mpimaji amwombe radhi na kumweleza kwamba mikono yote miwili hupimwa, ili kusita kwake kusidhaniwe kuwa ni ulegevu wa upande mmoja.

La tatu ni lugha yenyewe. Kuzunguka Bagamoyo kuna wasemaji wa Kikwere, Kizaramo, Kidoe na Kizigua, na wengi wao hutumia Kiswahili pamoja na lugha za kwao. Mtu aamkaye katika homa huenda akasema kwanza kwa lugha aliyolelewa nayo. Mwuguzi aliyezaliwa mbali, asiposikia Kiswahili, huweza kuandika kwamba maneno hayaeleweki, na kumpa alama 2 au 3 mtu ambaye alikuwa akiomba maji kwa Kikwere safi. Karatasi ya kipimo yafaa ionyeshe lugha iliyotumika, kama inavyoonyesha saa.

Mtoto asiyesema bado

Maneno hayawezi kumpima mtoto ambaye bado hajajua kusema, na katika pwani hii watoto wadogo ndio waliopotewa na fahamu mara nyingi zaidi kwa sababu ya malaria. Kwa ajili yao kilitengenezwa kipimo kingine katika mji wa Blantyre, nchini Malawi, ambacho Malcolm Molyneux, Terrie Taylor na wenzao walikitoa mwaka 1989. Alama zake ni tangu 0 hadi 5. Macho ya mtoto yakimfuata mama yake, hupewa 1, yasipofuata, 0. Akipeleka mkono mahali panapobonyezwa, hupewa 2. Akiondoa tu kiungo, 1. Asipofanya hivyo, 0. Akilia kilio cha kawaida, au akisema ikiwa umri wake wamruhusu, hupewa 2. Akiguna au kulia kilio kisicho cha kawaida, 1. Akiwa kimya, 0. Mwenye alama 2 au chini yake huhesabiwa kuwa yu katika koma.

Kipimo hicho kina kazi yake Bagamoyo. Katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, yaliyofanywa baina ya 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Bagamoyo na Korogwe vilikuwa vituo vya Tanzania. Alama 2 au pungufu katika kipimo cha Blantyre zilikuwa miongoni mwa dalili zilizotumiwa kuamua kwamba malaria ya mtoto ni kali.

Lakini kabla mtoto hajafika kwa mwenye kipimo, kuna neno lililomtangulia, nalo ni degedege. Hapo tofauti ya maana ina uzito kuliko zote zilizotajwa. Katika Kiswahili cha hospitali, degedege ni dalili: ni kule kutukutika kwa viungo na kupinduka kwa macho, kunakoweza kuletwa na malaria, na homa ya uti wa mgongo, na upungufu wa sukari katika damu, na sababu nyingine. Katika Kiswahili cha vijijini, degedege ni maradhi yenyewe, yenye asili yake, na watu wengi hulihusisha jina lake na dege, ndege mkubwa au nondo apitaye usiku, na pengine na shetani. Maandishi mawili ya uchunguzi uliofanywa wilaya ya Bagamoyo, yaliyochapishwa mwaka 1996, moja juu ya majina ya homa na jingine juu ya matibabu ya degedege, yalieleza jambo hilo wazi. Homa ya malaria ilihesabiwa na wengi kuwa ni ugonjwa wa kawaida wa kutibiwa kwa dawa za hospitali. Degedege ilihesabiwa kuwa ni kitu kingine, na tiba yake ilitafutwa kwanza kwa mafusho na dawa za jadi. Iko pia imani, iliyoandikwa mahali pengi Tanzania, kwamba mtoto mwenye degedege akipigwa sindano atakufa.

Mtu asiwacheke wazazi hao. Kwa ushahidi wa macho yao walisema kweli: homa nyingi hazileti kutukutika, na mtoto aliyechelewa kufikishwa aghalabu alikufa baada ya sindano, kwa sababu alichelewa. Kosa limo katika neno moja lililobeba maana mbili, na kila upande ukadhani kwamba mwingine anasema asemalo yeye. Mwuguzi aulizaye "Mtoto ana degedege?" huenda akajibiwa "Hapana" na mama ambaye ameona viungo vikitukutika, lakini ameamua kwamba hili silo degedege, au anaogopa sindano. Akiulizwa "Viungo vyake vilitukutika? Macho yalipinduka? Ilikuwa saa ngapi? Tangu hapo amekutazama usoni?", hana la kuficha, kwa maana ameulizwa alichokiona tu.

Swali la saa lina faida ya pili. Mtoto aliyetoka katika degedege hivi punde huwa mzito wa usingizi hata kama ubongo haukudhurika, na alama zake za wakati huo zaweza kuwa chini kwa sababu hiyo peke yake. Kwa hiyo ili kumhesabu mtoto kuwa ana koma ya malaria, desturi ya matabibu wengi imekuwa kutazama kama hali hiyo yadumu kwa saa nzima baada ya degedege. Kungoja huko ni kwa ajili ya jina la ugonjwa tu, wala si kwa ajili ya matibabu: sukari ya damu hupimwa mara moja, na dawa haicheleweshwi.

Kazi iliyobaki

Yatokeayo katika maelezo haya ni kwamba Kiswahili hakikosi uwezo wa kupima fahamu. Hatari imo katika kutumia maneno yake ya jumla mahali panapotaka maneno yake ya matendo. Fahamu, kujitambua, kulala na degedege ni maneno ya kuanzia mazungumzo. Hayafai kuandikwa katika karatasi kama majibu. Yafaayo kuandikwa ni kufumbua, kutazama, kuguna, kupayuka, kukunja, kukwepa, kubana na kuachia, pamoja na maneno yenyewe ya mgonjwa kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasemea.

Kwa wachunguzi wa lugha kazi iliyobaki ni kukusanya, kijiji kwa kijiji, maneno ambayo akina mama wa Mbegani, Mlingotini na Saadani huyatumia wanapoeleza mtoto aliyezimia na namna alivyozimia, na kuyapanga kwa kadiri ya hatua za kipimo. Kwa walimu wa wauguzi kazi ni kuyafundisha maneno hayo sambamba na tarakimu. Mama aliyebeba mtoto begani alfajiri, akatembea hadi zahanati, huja na habari kamili ya usiku mzima. Habari hiyo yaweza kuokoa mtoto ikiwa ataulizwa kwa maneno yanayomwezesha kuieleza.